Kioo Kisichosahau
Wajuzi wa fani ya kompyuta wanatuhakikishia kwamba aghalabu kioo cha kompyuta hujichora upya mara 60 katika kila sekunde. Lakini changu, hapa Kidichi, Unguja, nikishaifunga barua ya madai ya karafuu, huibakiza nusu yake juu ya hesabu za leo, hata jina la mdeni likaelea katikati ya tarakimu. Dawa niliyoivumbua ni kulikunja dirisha na kulikunjua, mfano wa mtu akung'utaye kanga. Tausi wa chokaa katika hamamu aliyomjengea Sultani Seyyid Said mkewe wa Kiajemi, hapa jirani, nao hawajajichora upya tangu karne ya 19; ila fundi wao, alhamdulillahi, hakumwambia mtu azime kisha awashe.