Blanketi la Saba

Mwaka huu sinunui blanketi. Nimeshasema, na mke wangu ni shahidi, ingawa alikuwa anacheka.

Nyie msiozaliwa Kilimanjaro hamjui mateso ya Desemba. Kwetu sisi Krismasi hailiwi Dar es Salaam. Stendi ya Magufuli pale Mbezi inafurika, tunabanana na maboksi kilomita zaidi ya 500 hadi Moshi, na kila mtu anapanda mlimani na alivyonavyo pamoja na alivyoazima. Kuna jirani yangu wa kijijini huja na gari la kukodi, halafu anajifanya amesahau funguo mezani baa ili watu waulizane ni za nani. Januari ananipigia simu kuomba elfu hamsini. Simcheki sana, maana mara nyingi huwa nimemtangulia kupiga. Shule za serikali zimefuta ada tangu 2016, lakini viatu havijafutwa.

Turudi kwenye blanketi. Kwa mama hakuingiwi mikono mitupu, na baridi ya mlimani inakurahisishia kufikiri. Nimempelekea miaka sita mfululizo, yale mazito yenye picha ya chui, yanayokaa kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu. Desemba iliyopita akanituma nimtolee khanga kwenye sanduku la bati. Nikafungua. Chui wanne wakanikodolea macho, zipu zao hazijaguswa.

"Mama, mengine mawili yako wapi?"

"Moja lilikwenda msibani. Jingine nilimpa shangazi yako, alikuwa na shughuli mjini."

Shughuli yenyewe ilikuwa kwangu, ubatizo wa kitinda mimba wetu. Nikalikumbuka vizuri blanketi la shangazi: stika ya bei imekwanguliwa ikaishia nusu. Kazi ya kucha zangu naijua. Na nilivyomshukuru siku ile, nusura nilie!

Ndipo mwaka huu mke wangu akaja na wazo lake. "Baba watoto, kwa nini usimuulize anataka nini?" Swali la kitoto kabisa. Mzazi haulizwi, analetewa. Nikapiga simu hivyo hivyo, nikitarajia aseme friji, nipate sababu ya kukasirika.

"Mwanangu, bomba la jikoni linavuja tangu Pasaka. Usiku nalisikia, to, to, to, kwenye sufuria. Fundi wa hapa ananiambia kesho. Njoo na bisibisi."

"Na kingine, mama?"

"Ukae. Mwaka jana ulilala hapa siku nne, chakula tulikula pamoja mara moja. Siku nyingine nilikufunikia, asubuhi nikawapa kuku."

Sasa hapo ndipo ugumu ulipo. Blanketi unalipa, unalikabidhi, unapigwa picha, jioni uko baa. Kukaa jikoni siku nne ukimenya ndizi na kusikiliza nani kauza kihamba, shamba la ukoo, kwa nani, hiyo haina hata risiti ya kumwonyesha mtu.

Jana nimekwenda duka la vifaa vya ujenzi. Kimpira cha bomba ni shilingi 500. Nikanunua viwili, kimoja cha akiba. Vyote vikaenea kwenye mfuko wa shati, nikawaza majirani watakavyoniona nikishuka kwenye gari mikono ikining'inia. Muuzaji akaniuliza kama nahitaji mfuko.

Nikamwambia anipe ule mkubwa.