Sleji Isiyopita Mlangoni na Masumbufu Mengine ya Desemba

Sleji, kwa maana inayotumika katika safu hii, ni chombo cha kukokotwa juu ya theluji ambacho hakina magurudumu bali kina viteleza viwili, yaani mbao ndefu zilizopinda kwenda juu upande wa mbele na ambazo aghalabu huvishwa chuma upande wa chini. Na pambo la sleji ni mfano wa chombo hicho unaowekwa sebuleni, varandani au uani wakati wa Krismasi, usiokusudiwa kwenda popote. Ufafanuzi huo umetangulizwa kwa sababu barua nyingi zilizofika mezani pa mshauri zimetoka kwa watu walioisahau sehemu yake ya mwisho, nao ama wameunda vyombo vya kubeba ukoo mzima, ama wanagombana na jamaa zao juu ya tabia za chombo kisichosogea.

Columbus, Ohio

Msomaji aliyejiita Seremala wa Chini ya Nyumba anaeleza kwamba ameunda sleji ya plaiwudi katika chumba kilicho chini ya nyumba yake, kwamba sleji hiyo ina upana wa sentimita 110 na kimo cha sentimita 130, kwamba mlango wa chumba hicho una upana wa sentimita 81, na kwamba mkewe amependekeza Krismasi ya mwaka huu isherehekewe huko huko chini. Anauliza kipi kikatwe, mlango au sleji.

Ikatwe sleji, kwa kuwa mlango una kazi mwaka mzima. Chanzo cha mkasa huu kinaeleweka: plaiwudi, yaani ubao uliofanywa kwa kubandika tabaka nyembamba za mti ili nyuzi za kila tabaka zikatizane na nyuzi za tabaka linalofuata, huuzwa kwa kawaida katika vipande vya sentimita 122 kwa 244, na kipande cha namna hiyo kikiinamishwa hupita mlango wowote, jambo linalompa fundi imani ambayo hutoweka mara tu vipande vinne vinapounganishwa kuwa sanduku. Mwulizaji anashauriwa aipasue sakafu ya sleji katikati kwa urefu wake, azitoe nusu mbili mojamoja, kisha aziunganishe uani kwa papi mbili zilizokazwa kwa bolti na nati zenye masikio, ambazo hufungwa na kufunguliwa kwa vidole bila spana. Kabla ya hapo apake rangi kingo zote za plaiwudi, mara mbili au tatu, kwa sababu maji ya theluji inayoyeyuka huingia kwa kingo kuliko kwa uso, na plaiwudi iliyobandikwa kwa gundi ya matumizi ya ndani hufumuka tabaka zake kabla ya Mwaka Mpya.

Lakini liko swali ambalo mwulizaji hakuuliza, nalo ni kwa nini sleji iwe kubwa hivyo. Shairi lililomweka Mtakatifu Nikolasi katika sleji ya kulungu wanane lilichapishwa bila jina la mtunzi katika gazeti la Troy Sentinel, jimbo la New York, tarehe 23 Desemba 1823, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa la Clement Clarke Moore. Humo sleji ni ndogo mno, kulungu nao ni wadogo vivyo hivyo, na ndiyo sababu mzee anaweza kushuka kwa dohani bila kuvunja nyumba. Ukubwa wa sleji za uani umeazimwa kwingine, kutoka katika sleji halisi za farasi mmoja ambazo Wamarekani wa karne ya 19 walisafiria: zile za mtindo wa Albany, zenye mbavu zilizobinuka, na zile za mtindo wa Portland katika jimbo la Maine, zenye mbavu zilizonyooka. Zote zilikuwa za kubebea watu wazima, na hakuna hata moja iliyotakiwa kupanda ngazi za nyumba. Anayetaka pambo la kuonekana kutoka barabarani anatosheka na ubavu mmoja wa plaiwudi ulioegemezwa kwenye vigingi viwili, kwani mpita njia haoni upande wa pili, na upepo una mahali pachache pa kushika.

Tanga

Mkaza mwana mmoja anaandika kwamba mavyaa wake, alipoonyeshwa sleji ya kadibodi yenye urefu wa kama dhiraa moja, aliitazama kwa utulivu, akasema kwamba hiyo ni ngalawa iliyoundwa na mtu asiyeijua bahari, kisha akauliza matengo yake yako wapi, yaani zile mbao za pembeni zinazoizuia ngalawa isipinduke. Mwulizaji anataka hoja ya kumjibu bila kumvunjia heshima.

Hoja hiyo haipo, kwa sababu mavyaa ana sehemu kubwa ya historia upande wake. Nikolasi alikuwa askofu wa Mira katika karne ya 4, mji wa pwani ya kusini ya nchi ambayo leo ni Uturuki, na mapokeo ya Kanisa humhesabu kuwa msimamizi wa mabaharia. Waholanzi, ambao kwao hutokea jina analoitwa na Wamarekani, humpokea kila Novemba akishuka katika meli ya moshi inayosemekana kutoka Hispania, desturi iliyoenezwa na kitabu cha watoto cha Jan Schenkman, mwalimu wa Amsterdam, kilichotoka mwaka 1850. Sleji ni jambo la New York, ambako kitabu kidogo cha picha cha mwaka 1821 kilimwonyesha mzee huyo akivutwa na kulungu mmoja tu. Kwa hiyo mahali pasipo na theluji sleji haikatazwi, ila haina cheo chochote mbele ya chombo cha baharini, na ngalawa yenye tanga la karatasi nyekundu na zawadi za pipi ndani yake ni pambo halali kabisa la Krismasi. Mwulizaji anashauriwa avibandue viteleza, avifanye matengo, na amwombe mavyaa asimamie kazi ya tanga.

Nakuru

Mwalimu wa shule ya Jumapili analalamika kwamba watoto wamekata sleji nzuri kutoka katika katoni za friji, lakini kila wanapojaribu kuukunja ubao wa mbele uingie ndani kwa duara, kadibodi huvunjika kwa makunyanzi, na zile zilizofaulu kukunjwa zilipopakwa rangi zilipinda zenyewe upande usiotakiwa. Anauliza kama kadibodi ya siku hizi imeharibiwa na viwanda.

Kadibodi haina kosa. Ubao wa katoni una tabaka tatu za karatasi, mbili bapa na moja ya kati iliyokunjwa kama bati la paa, na mikunjo hiyo hufanya mifereji iendayo upande mmoja. Karatasi ya mawimbi ilipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, nchini Uingereza mwaka 1856, kwa ajili ya kuwekwa ndani ya kofia ndefu za wanaume, na katika mwaka 1871 Albert Jones wa New York akapata hataza ya kuitumia kufungia vitu vinavyovunjika kama chupa. Maana yake ni kwamba kazi yake ya kwanza, huko kichwani na baadaye kwenye chupa, ilikuwa ni kujipinda, ila kwa upande mmoja tu. Mstari wa mkunjo ukienda sambamba na mifereji, kadibodi hutii. Ukiikata mifereji, hugoma na kuvunjika popote inapotaka.

Kwa hiyo, kabla mkasi haujaguswa, mifereji itafutwe kwa kutazama ukingo, na kipande cha ubao wa mbele kichorwe hivi kwamba mifereji ilale kutoka ubavu hadi ubavu. Kisha ichorwe mistari sambamba nayo, kila baada ya sentimita 2, na kila mstari ukandamizwe kwa mpini wa kijiko bila kukata karatasi. Baada ya hapo kipande hujikunja chenyewe kwa uzuri ambao watoto watadhani ni wao walioufanya, na si vibaya waachwe wadhani hivyo. Mbavu, ambazo hazitakiwi kupinda kabisa, zifanywe kwa tabaka mbili zilizobandikwa, mifereji ya moja ikikatiza ya nyingine, kwa kanuni ile ile inayoifanya plaiwudi kuwa imara.

Kuhusu rangi, maji huilegeza na kuitanua karatasi, nayo rangi ikikauka hunywea na kuvuta uso uliopakwa. Dawa yake ni kupaka pande zote mbili, kwa tabaka nyembamba, na kuziacha mbavu zikauke chini ya vitabu vizito (vitabu vya nyimbo vitafaa, vikitandikiwa nailoni). Wanaotumia gundi ya unga wa ngano wakumbuke kwamba mende na panya nao huila unga, kwa hiyo pambo linalotakiwa kuishi hadi mwaka ujao lipakwe vanishi, na mishumaa isikaribishwe kabisa karibu na kadibodi, hata mmoja, hata kwa dakika chache za kupiga picha.

Mombasa

Mwulizaji wa huku amepata mapaleti, yaani yale majukwaa ya mbao yanayobebea shehena bandarini, na anataka kujua kama yanafaa kwa sleji. Yanafaa baada ya kusoma muhuri uliochomwa ubavuni, wenye mchoro wa suke la ngano. Herufi HT zina maana kwamba mbao zilitiwa moto hadi kiini chake kikafikia nyuzi 56 kwa dakika 30, ili wadudu wafe. Herufi MB zina maana kwamba zilifukizwa kwa gesi ya methili bromidi, ambayo ni sumu, na paleti la namna hiyo lisiletwe nyumbani kwa sababu yoyote. Misumari ya mapaleti ni migumu kung'olewa bila kupasua ubao, hivyo ni afadhali ikatwe kwa msumeno wa chuma uliopenyezwa katikati ya mbao mbili. Na kwa kuwa mbao zake ni fupi na zimenyooka, mwulizaji aige mtindo wa Portland, mabinuko ayaweke kwenye viteleza tu, na viteleza hivyo avikate kwa plaiwudi, kwani ubao wa kawaida ukikatwa kwa duara hubaki na mahali ambapo nyuzi zake ni fupi, na hapo ndipo unapovunjika.

Minneapolis

Mume na mke wametuma barua moja yenye miandiko miwili. Mume amekata kulungu wanane wa plaiwudi, wote wenye pembe, na anashikilia kwamba ni madume. Mke anashikilia kwamba kulungu wa nchi za theluji mwenye pembe mwishoni mwa Desemba ni jike.

Mke yuko sahihi. Katika jamii nzima ya kulungu hao wanaoangusha pembe kila mwaka, huyu wa kaskazini ndiye pekee ambaye majike pia huota pembe kwa kawaida. Madume waliokomaa huziangusha baada ya msimu wa kupandana, wengi wao kabla ya Krismasi, ilhali majike hubaki nazo hadi majira ya kuzaa. Uko mwanya mmoja wa kumnusuru mume, kwani madume waliohasiwa huweza kukaa na pembe zao hadi katikati ya baridi, na wafugaji wa kaskazini wamezoea kuwahasi wale wanaokokota mizigo, lakini safu hii haidhani kwamba ataukimbilia. Pembe zibaki, wanane wote wahesabiwe kuwa majike, na gharama ya rangi iwe juu ya mume.