Kulinda Kitambi kwa Kukanyaga Pedali

Anza na saa. Baiskeli ingoje, ubwabwa nao usiguswe kwanza. Tafuta ile saa janja yenye vitaa vya kijani mgongoni, maana mtu hapungui mpaka aonekane ameanza kupungua. Watakushauri ununue mkanda wa kifuani, na kwa usahihi wana haki: mkanda husoma umeme wa moyo wenyewe, wakati saa inachungulia tu damu inavyopita chini ya ngozi. Lakini mkanda unafichwa na fulana. Nani atauona?

Sasa piga hesabu. Chukua 220, toa umri wako, unapata kiwango cha juu cha mapigo yako kwa dakika. Kanuni hii imezeeka tangu 1971, tena ni wastani tu. Watu wa umri mmoja wanaweza kupishana mapigo kumi na zaidi. Wewe iheshimu kama katiba. (Kama unameza zile dawa za presha zinazotuliza mapigo, hesabu hii haikuhusu, muulize daktari, na hapa sitanii.) Mwenye miaka 45 anapata 175, na asilimia 60 hadi 70 yake ni kama 105 hadi 122. Hilo ndilo eneo maarufu la kuunguza mafuta, nalo ni tamu kwa sababu unaweza kukaa humo huku unachati. Ni kweli kwamba hapo sehemu kubwa ya nishati hutoka kwenye mafuta. Aliyekaza pedali jirani yako anaunguza nishati nyingi kuliko wewe kwa muda uleule, ila amelowa jasho na hajibu meseji. Mwonee huruma.

Ukipanda baiskeli, legeza pedali mpaka zizunguke zenyewe, kisha kaa mbali na feni. Joto la Dar mwezi wa pili ni msaada mkubwa: mwili ukichemka na maji yakipungua, mapigo hupanda hata kama miguu inasindikiza harusi. Siku ya mvua usihangaike kwenda jimu. Vaa saa, kaa kwenye kochi tarehe mbili, subiri hodi ya mwenye nyumba.

"Baba Neema, upo?"

Mapigo 118. Mafuta yanaungua, na hujainuka.

Utamu wenyewe uko kwenye kalori. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya kuvaa mkononi. Kwenye mapigo, vifaa sita vilifanya vizuri, vikikosea chini ya asilimia 5. Kwenye kalori, kile kilichojitahidi kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho asilimia 93. Kwa hiyo saa ikikwambia 600, ziamini zote 600, na uzitumie jioni hiyohiyo kabla hazijalala.

Muuza chipsi wa pale nje ya jimu anakufahamu.

"Bosi, leo kavu au mayai?"

"Weka mayai matatu, ndugu yangu, nimetoka mazoezini. Na soda baridi, ile ya nusu lita."

Soda hiyo peke yake ina kalori kama 200. Mtu wa kilo 70 akikanyaga kwa bidii ya kweli saa nzima huunguza kama 500, yaani soda imekula karibu dakika 25 za jasho, na bado chipsi hazijatoka kwenye mafuta. Kilo moja ya mafuta mwilini inabeba takriban kalori 7,700: saa 15 juu ya kile kiti chembamba, bila mayai, bila soda. Hesabu hii usiifanye ukiwa na njaa.

Mwisho wa mwezi utapanda mzani, na mzani utakuwa na roho mbaya. Waambie nyumbani kwamba misuli ni mizito kuliko mafuta; hakuna atakayekubishia, na ukibishiwa onyesha saa. Ikishindikana, hamishia mzani juu ya zulia. Mizani mingi ikikaa hapo husoma vibaya, na huenda ikakosea kwa upande wako.