Yah: Maombi ya Kibali cha Ndoo Moja

Kwa Mamlaka Husika,
Dar es Salaam.

Ndugu Mamlaka,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwako kwa sababu kila nilikopeleka swali langu nilielekezwa kwako. Ofisi ya kwanza ilisema pombe ya nyumbani ni suala la afya. Ya afya ikasema ni la biashara. Ya biashara ikauliza kama nauza, nikasema siuzi, ikasema basi hainihusu, nikaione mamlaka husika. Ofisi yako haina mlango ninaoujua, lakini kila siku kwenye taarifa ya habari nasikia unatakiwa kuchukua hatua. Anayetakiwa kuchukua hatua kila siku bila kuzichukua, nikajua huyu ana nafasi ya kusoma barua ndefu.

Shida yangu ni ndogo. Mimi ni mtu wa Kibosho, kule Moshi, ninayeishi Dar es Salaam, na nataka kupika mwenyewe mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ndoo moja ya lita ishirini, ninywe na shemeji zangu Jumapili jioni. Sina kilabu, sina mabenchi, sina spika ya kuwanyima majirani usingizi. Nimekosa tu mbege ninayoweza kuapa kwamba najua kilichomo. Na kwa kuwa nimelelewa vizuri, nikataka kwanza kujua utaratibu.

Kabla sijalalamika, nikupongeze. Katika jiji hili karibu kila kitu cha kupikia pombe kinauzwa hadharani, jua likiwa utosini, na hakuna hata kimoja kinachokubali kuwa ni cha kupikia pombe. Ndizi ziko Mabibo, kwenye soko ambalo wenyeji wamelibatiza Mahakama ya Ndizi, ambako mikungu hushushwa kwenye malori na kusomewa bei bila haki ya kukata rufaa. Ulezi ni wa uji wa mtoto. Sukari ni ya chai, hamira ni ya maandazi, ndoo ni ya maji ya dharura, maana maji tunayajua wenyewe. Kila kimoja peke yake ni raia mwema. Vikikutana kwenye ndoo, mimi niliyevikutanisha ndiye wa kuulizwa.

Matokeo yake, umetufundisha wakazi wa jiji usanii ambao hatukuusomea. Chukua kimea. Hiki ni ulezi uliolowekwa, ukafunikwa hadi ukachipua, ukaanikwa na kusagwa. Ule uchipuaji ndio unaoamsha vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari, na bila sukari chachu haina kazi ya kufanya. Ni kazi ileile inayofanyiwa shayiri ya viwanda vya bia, ila kule kuna geti na mlinzi mwenye filimbi. Mimi nilikwenda kwa mama mmoja muuza nafaka.

"Shikamoo mama. Una kimea?"

Aliniangalia viatu kwanza. Nadhani alikuwa anatafuta buti za askari.

"Kimea cha nini, baba?"

"Cha uji."

"Uji upi?"

"Ule mzito."

"Si useme," akasema, akainama chini ya meza.

Pale juu kulikuwa na magunia matano ya ulezi, wazi kabisa, yenye vibao vya bei. Mali ileile ikishachipua inahamia chini ya meza. Wengine hawapiti huko, wanaagiza Moshi, mfuko unapanda basi na kushushwa Mbezi Luis ukiwa umeandikwa kwa kalamu nene UNGA WA LISHE. Sijaona mtoto aliyelishwa kwa unga ule, ila wajomba zake wana afya nzuri.

Vifaa ndiyo kichekesho zaidi. Kijijini bibi yangu alifunika pipa kwa majani ya migomba, mambo yakaenda. Mimi nina mende wa mjini, kwa hiyo ndoo yangu lazima iwe na kifuniko cha kubana, na kifuniko kikibana, hewa ya uchachu lazima ipate pa kutokea bila ya nje kuingia. Wenzetu wana kidude maalumu cha plastiki kwa kazi hiyo. Hapa nimezunguka Kariakoo nzima na wenye maduka wakaniuzia vingine vyote. Suluhisho ni mpira wa dripu: ncha moja kwenye tundu la kifuniko, ncha nyingine ndani ya chupa ya maji, mapovu yanatoka kwa adabu. Na mpira wa dripu unauzwa duka la dawa.

"Mgonjwa yuko wapi?" akauliza dada muuzaji.

"Nyumbani."

"Anasumbuliwa na nini?"

"Gesi, dada."

"Tangu lini?"

"Inatarajiwa kuanza usiku."

Aliniuzia mpira, akaniongezea na dawa ya tumbo. Nayo nimeitunza, kwa ajili ya shemeji mmoja.

Kisha kipimo. Mpikaji makini hupima uzito wa maji yake ya utamu kabla hayajachachuka, na kuyapima tena baadaye, ili ajue ni sukari kiasi gani imegeuka pombe. Kifaa ni bomba la kioo linaloelea, haidromita. Jijini zimejaa tele, kwa wauza betri za magari. Tatizo ni kwamba zile zimetengenezwa kusoma tindikali, kuanzia 1.100 hadi 1.300 hivi, wakati bia ya kawaida huanzia karibu na 1.050 na kushuka hadi karibu 1.010. Ukiitumbukiza kwenye ndoo yako inazama kimya, na ikishazama imekuachia na kumbukumbu ya betri iliyotangulia. Fundi aliyeniuzia alinihakikishia kwamba "inapima kila kitu, bosi". Sikuwa na moyo wa kubishana naye. Alikuwa mtu pekee wiki ile ambaye hakuniuliza nakwenda kupima nini.

Hapa niache utani kidogo, Ndugu Mamlaka, nikwambie kitu kimoja kilichonitisha kweli. Ni mapipa ya bluu. Unayajua, yamepangwa barabarani jiji zima, na wapikaji wengi wa vilabuni huchachushia humo kwa sababu ni makubwa, magumu na ya bei nafuu. Nilisimama kwenye moja, nikauliza lilikuwa na nini kabla.

"Dawa tu, mzee."

"Dawa ya nini?"

"Limeoshwa."

Nikainamia ndani. Lilikuwa na harufu ya kitu kati ya sabuni na rangi ya mlango, na pembeni ilibaki nusu ya lebo yenye alama ya fuvu, ile nusu ya meno. Bei ilikuwa nzuri sana. Sasa, mama wa kimea anaficha nafaka iliyochipua, muuza pipa haogopi chochote, wala hana sababu ya kuogopa, maana sijasikia msako wa mapipa. Misako ni ya kumwaga. Kwenye televisheni tunaona pombe ikimwagwa mtaroni mbele ya viongozi walioshika viuno, kisha pipa linabaki, linauzwa tena, limeoshwa.

Najua utaniambia unalinda maisha yetu. Ni kweli pombe inaua. Februari 2024, Kangai, kaunti ya Kirinyaga nchini Kenya, watu wasiopungua 17 walikufa baada ya kunywa pombe yenye sumu, na ikaelezwa kuwa kinywaji kile kilitoka kwenye vielelezo vilivyokuwa vimekamatwa na kuhifadhiwa polisi. Isome tena sentensi hiyo taratibu; mimi niliisoma nikiwa nimekaa. Sumu katika visa vya namna ile kwa kawaida ni methanoli, na chanzo chake kikubwa ni spiriti ya viwandani inayochanganywa na wenye haraka ya faida. Nafaka ikichachuka yenyewe hutoa methanoli kidogo mno. Gongo, ile pombe ya kukeneka, tunayo sheria yake tangu 1966, sina ugomvi nayo, wala sijauliza bei ya bomba la shaba. Ila anayechemsha ndizi mpaka ziwe nyekundu, akachuja, akachanganya na uji wa kimea, huyo hakeneki chochote. Kumweka kapu moja na mchanganya spiriti ni kumsaidia mchanganya spiriti, kwa sababu wote wawili wakishafanya kazi gizani, mnywaji hana namna ya kuwatofautisha.

Na usifikiri cha kiwandani ndicho mtoto asiye na dhambi. Viroba, ile pombe kali ya vifuko, vilikuwa na nembo, namba na stempu, mkavipiga marufuku Machi 2017, mkafanya vizuri. Hakuna ndoo ya mbege iliyowahi kuingia kwenye mfuko wa sare ya shule.

Sheria yetu ya vileo ni ya 1968. Nimeisoma. Inamhangaikia sana muuzaji, leseni yake na saa zake za kufungua na kufunga. Mtu mwenye ndoo moja na shemeji wawili niliambulia kumtafuta. Waingereza, ambao desturi zao za leseni tumezirithi, nao waliwahi kumdai leseni mpikaji wa nyumbani, tangu 1880. Wakaifuta 1963, wakati sisi tulikuwa na uhuru usiotimiza miaka miwili na mambo mengine ya kushughulikia. Marekani, Rais Carter alitia saini sheria ya kumruhusu mpikaji wa nyumbani 1978, na leo kaya yenye watu wazima wawili inaruhusiwa galoni 200 kwa mwaka bila kodi, yaani zaidi ya lita 750, mradi isiuze. Mimi naomba ishirini. Hata tamaa yangu ni ya nchi inayoendelea.

Kwa hiyo maombi yangu ni haya. Naomba fomu. Iwe ya ukurasa mmoja: jina, mtaa, idadi ya ndoo, na mahali pa kuapa kwamba siuzi. Ada nitalipa kwa namba ya malipo, ili mradi namba ije kabla sijazeeka. Ukiweza, mruhusu yule mama apandishe kimea juu ya meza, chenye kibao cha bei kama nafaka nyingine, ili nikague kama kina ukungu badala ya kukipokea kwenye mfuko mweusi huku tunaangalia pembeni. Na pipa lolote linalouzwa barabarani liandikwe lilibeba nini. Hilo la mwisho unaweza kulifanya hata kama hunywi.

Kuhusu muda: natambua maombi hushughulikiwa kwa utaratibu, na kwamba mhusika mara nyingi yuko semina. Lakini ndizi zimeshaiva, na kwa joto hili la Dar hazifiki wiki ijayo. Nikikosa jibu hadi Ijumaa nitawapa watoto, kimea kitakorogwa asubuhi, na barua hii ihesabike kuwa maombi ya kibali cha uji.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mwenye Ndoo,
Mabibo.

Nakala: Shemeji wote wawili, kwa taarifa na subira.