Safu ya Mengineyo

Juni, mwezi ambao kusi huvuma, viumbe wa Ziwa Tanganyika walikutana ufukweni karibu na Kigoma. Ajenda ilikuwa moja: dagaa wamepungua. Mwenyekiti Sangala, ambaye chakula chake ni hao hao dagaa, alifungua kikao kwa huzuni kubwa.

Hukumu ilifika kabla ya ushahidi. Mwenye kosa ni mvuvi, na wavu wake wa lipu, na taa zake zinazougeuza usiku wa giza kuwa soko. "Afungiwe miezi 3!" akasema Mgebuka. Makofi.

Ndipo Furukombe, mtaalamu, akashuka mtini na kuchora hesabu mchangani kwa ukucha: safu ya joto, safu ya upepo, safu ya samaki. Tumpe haki yake, alieleza vizuri. Maji ya juu yakipashwa moto huwa mepesi, hukaa juu ya yale ya chini kama mafuta juu ya mchuzi. Kusi ikilegea hakuna wa kukoroga. Rutuba hubaki kilindini, vijimea vya juu hufa njaa, na dagaa nao.

"Na mimi niko safu gani, Mzee?" Sauti ilitoka topeni. Kome.

"Mengineyo. Lakini sogea juu tukusikie."

"Nina mguu mmoja tu, nao ni wa kuchimbia."

Kicheko. Kome akaendelea. "Nimelalia kumbukumbu zenu. Mifupa ya samaki ilianza kuadimika humu topeni tangu karne ya 19. Uvuvi wa meli ulikuja miaka ya 1950. Mvuvi si msafi, ila hakuanza yeye. Nasi wa chini, maji yasiyo na hewa yanatupandia. Samaki ana mkia, atahama."

(Watafiti wa kibinadamu walilisoma tope hilo. Mwaka 2016 waliandika kwamba, katika maeneo waliyochunguza, sakafu ya ziwa yenye oksijeni imepungua kwa asilimia 38 tangu 1946.)

Katibu Kaa aliandika: hoja imepokelewa. Joto halikuitwa shaurini, kwa kuwa halina anwani ya kupelekewa samansi. Mvuvi alifungiwa. Furukombe, kwa heshima, aliongeza pembeni kisafu chembamba cha kome, akakijaza sifuri kwa muda, maana hakuna wavu uliowahi kuwahesabu.

Hesabu ile ilikaa mchangani hadi Julai. Halikuja wimbi la kuifuta.