Sifa za Mama Asha Watatu

Washairi wamesifu mwezi na mpishi husifiwa kwa wali wake, lakini jina lililojirudia kwenye simu halijapata wa kulisifu. Mama Asha, Mama Asha Airtel, Mama Asha Mpya: watatu orodhani, mmoja duniani. Simu huwaona uchafu, haichoki kuomba ruhusa ya kuwaunganisha. Kumbe kila mmoja ana kazi. “Airtel” huelekeza apigiwe kwa kifurushi kipi. “Mpya” hukiri kwamba kuna simu iliyoibwa au laini iliyofungwa. Na yule asiye na nyongeza ni mkongwe wa kwenye laini, tangu enzi ambazo laini nyingi zilibeba majina 250 tu. Mkongwe kabaki kwenye laini, wa pili yumo kwenye simu, wa tatu kahamia akaunti ya Google. Kumfuta yeyote ni kufuta historia.

Fadhila kubwa zaidi ni ulinzi. Nambari ya simu ndiyo uzi unaoshona maisha ya mtu mtandaoni: hiyohiyo hufungua WhatsApp, hupokea pesa, huombea mkopo. Nchini Kenya, programu za mikopo zilichota majina simuni na kuwaaibisha wadaiwa kwa jamaa zao, hadi kanuni za Benki Kuu za 2022 zikakataza mchezo huo. Kwa mdai wa namna hiyo, orodha nadhifu yenye “Bosi”, “Baba Mkwe” na “Mchungaji” ni ramani. Yenye “Fundi Usipokee” na Mama Asha watatu ni msitu.

Atakayedai kwamba fujo hupoteza pesa akumbuke kuwa huduma nyingi za pesa huonyesha jina lililosajiliwa kabla ya kuthibitisha muamala. Asiyelisoma hataokolewa na orodha safi. Hoja nzito zaidi dhidi ya ulinzi huo ni kwamba kompyuta hulinganisha tarakimu, haibabaishwi na majina. Ni kweli, na hapo ndipo Mama Asha anaposhinda: ana nambari tatu, na kwa tarakimu peke yake ni watu watatu. Anayeithibitishia mashine kwamba ni mmoja ni mwenye simu mwenyewe, kwa kidole chake, bila malipo. Basi simu ikiuliza tena kama iunganishe, jibu ni “Hapana”. Mama Asha mwenyewe hajaulizwa.