Mheshimiwa Waziri, Matanga Haya Hayajaanuliwa

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Utamaduni na Sanaa,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUHIFADHI SAUTI NA MAJINA YA WANAMUZIKI WA BENDI ZA JAZI WALIOTANGULIA MBELE YA HAKI

Mheshimiwa Waziri,

Naomba unipokee kwa hisani yako, mimi mwananchi wa kawaida wa Morogoro, na naomba radhi mapema ikiwa kukuandikia hadharani namna hii kutaonekana ni kuvuka mpaka wa adabu. Ninatambua kwamba meza yako ina mafaili ya filamu, ya viwanja vya michezo, ya lugha yetu na ya vijana wa muziki wa kizazi kipya, na kwamba kila faili lina mwenyewe anayelisubiri. Nisingethubutu kukuongezea karatasi nyingine kama jambo hili lingekuwa langu peke yangu.

Kabla ya ombi, niruhusu nitoe shukrani. Mwimbaji mkongwe, Mzee Muhidin Maalim Gurumo, alipofariki tarehe 13 Aprili 2014, viongozi wa nchi walitoa rambirambi. King Kikii, ambaye wimbo wake wa Kitambaa Cheupe ungali unawanyanyua watu vitini kila harusi, alipotutoka Novemba 2024, msiba wake ulipewa heshima unayostahili. Sisi wapenzi wa muziki wa dansi tuliyaona hayo na tulifarijika. Ninachokuomba kibali kukizungumza, Mheshimiwa, ni kile kinachopaswa kufuata baada ya arobaini.

Wanamuziki hawa ndio waliotuongoza kuomboleza kama taifa. Dk. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walimwimbia, na watu ambao hawajawahi kukanyaga Iringa wakamjua na kumsikitikia kwa wimbo huo. Waziri Mkuu Edward Sokoine alipokufa kwa ajali ya gari kule Dakawa, mkoani kwetu, tarehe 12 Aprili 1984, bendi zilishika magita zikamlilia kwa niaba yetu. Taarifa ya habari ilitueleza nini kimetokea. Bendi zilitupa maneno ya kulilia. Waliowafanyia wengine kazi hiyo sasa wamelala, na zamu ya kuombolezewa ni yao.

Kwa ruhusa yako nianze na mji wangu. Salum Abdallah aliunda bendi yake hapa Morogoro mwaka 1948, ikiitwa La Paloma, baadaye ikawa Cuban Marimba. Midundo iliyofika kwenye santuri kutoka Cuba aliivika Kiswahili cha mapenzi na mafumbo, hata msikilizaji akasahau kwamba ilivuka bahari. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, hajatimiza miaka 40, na Juma Kilaza akaipokea bendi. Mwaka huohuo kijana Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alijiunga na wapinzani wao, Morogoro Jazz, wenye mtindo wa Likembe. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japan, kwenye maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka, ikibeba jina la mji wetu. Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka akaanzisha Super Volcano, na tarehe 12 Januari 1979 ajali ya gari huko Mombasa ikamchukua akiwa na miaka 34. Mji mmoja, bendi mbili, na vinara wake wawili wakachukuliwa na barabara. Morogoro ya wakati ule ilikuwa ikisikika kila penye redio, tangu Kigoma hadi Mombasa.

Dar es Salaam nako makaburi ni mengi. Hemed Maneti, sauti ya Vijana Jazz, alifariki mwaka 1990. Marijani Rajab, Jabali la Muziki, aliyewika na Safari Trippers kisha Dar International, alifariki Machi 1995, na hadi leo msichana akiitwa Zuwena au Georgina, majina ya nyimbo zake, hakosi mtu mzima wa kumwimbia. TX Moshi William wa Msondo alitutoka mwaka 2006. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu nchini Kongo, akaja kwetu mwaka 1978 na akaifanya Super Matimila kuwa mdomo wa wanyonge, alifariki tarehe 13 Desemba 2010. Alikuwa ameshatunga wimbo unaoitwa Kifo. Shem Karenga wa Tabora Jazz alifuata mwaka 2014, na mwimbaji Shaaban Dede mwaka 2017. Na Mzee Gurumo mwenyewe alikuwa amesimama jukwaani tangu NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964, akapita Mlimani Park na Safari Sound, akarudi kwenye bendi ile ya kwanza, iliyokwisha kuitwa Msondo, akastaafu mwaka 2013. Hiyo ni karibu miaka 50, na mwaka uliofuata baada ya kupumzika akafariki.

Hao, Mheshimiwa, ni wale ambao angalau majina yao tunayo. Naomba usinichoke nikikutajia na wale wengine. Bendi ya jazi haikuwa mwimbaji na gita moja. Kulikuwa na solo, second solo, rizimu na besi. Kulikuwa na tumba na drams, na nyuma yao wapulizaji wa tarumbeta na saksafoni. Kulikuwa na watu kama Michael Enoch, aliyepitia Dar es Salaam Jazz kisha Mlimani Park, ambaye wenzake walimwita Ticha kwa sababu vijana wengi walipita mikononi mwake. Gita la rizimu likikosekana kila mtu husikia pengo. Likiwepo, hakuna anayelitaja.

Mtaani kwetu tulimzika mzee mmoja aliyepiga rizimu katika bendi ya jazi ya wilaya. Historia fupi ya marehemu iliyosomwa pale msibani ilitaja shule aliyosoma, kazi yake ya ghala, watoto wake na wajukuu wake. Muziki ulipewa sentensi moja: alipenda kupiga gita. Bendi yake ilipata kurekodi Dar es Salaam, na wimbo mmoja nimeusikia redioni zaidi ya mara moja. Mtangazaji hutaja jina la bendi na jina la wimbo, basi. Wajukuu waliokuwa pale makaburini huenda walishausikia mkono wa babu yao pasipo kujua kwamba ni wake.

Kwa nini nalileta jambo hili kwako, Mheshimiwa, na si kwa matajiri au wafadhili? Kwa sababu, kwa heshima zote, nyingi kati ya bendi hizi zilikuwa za umma. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki, Mlimani Park ilikuwa ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, na Jeshi, Polisi na Magereza nao walikuwa na bendi zao. Vyombo vilinunuliwa na taasisi, na wanamuziki wengi walikuwa waajiriwa waliopokea mshahara kama mafundi na makarani. Walirekodi katika studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na kanda ikabaki kwenye maktaba ya redio. Santuri zilipotengenezwa, mara nyingi zilitengenezwa Nairobi. Lakini nyimbo nyingi hazikufika kwenye santuri kamwe. Zipo kwenye ile kanda tu. Ndiyo maana sina mlango mwingine wa kubisha.

Ninawaheshimu sana watumishi waliozitunza kanda hizo kwa miaka yote hii, na naomba barua hii isichukuliwe kuwa lawama kwao. Adui wa kanda hizo hana huruma. Kanda ya sumaku ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa madini, na unga huo umeshikiliwa kwa gundi. Gundi hiyo hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Dar es Salaam haikaukiwi unyevu. Ikishalainika, kanda hunata kwenye mashine na kuacha unga wake pale, na unga ukibanduka, muziki umebanduka nao. Mafundi hujua njia ya kuikausha kanda kwa joto dogo ili ipigwe tena kwa muda mfupi na kunakiliwa, lakini njia hiyo huhitaji ujuzi, na huhitaji mashine za zamani ambazo vipuri vyake vinaadimika duniani kote. Mwaka 2015 Hifadhi ya Taifa ya Filamu na Sauti ya Australia ilionya kwamba kanda za sumaku ambazo hazingekuwa zimehamishwa kufikia 2025 zilikuwa katika hatari kubwa ya kupotea. Hilo ni onyo la nchi yenye fedha na vyumba vyenye ubaridi. Sisi, Mheshimiwa, hatuna anasa ya kusubiri.

Wenzetu wa mbali wameshauona utajiri huu. Kampuni moja ya Ujerumani ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za Salum Abdallah, na kampuni ya Ufaransa ikatoa mkusanyiko wa bendi zetu za miaka ya 1960, vikiwa na vijitabu vyenye historia na picha. Nawashukuru kwa dhati, kwa maana wameokoa kilichoweza kupotea. Lakini mtu wa Paris anaweza leo kusoma habari za Cuban Marimba akiwa kwake, na mwanafunzi wa hapa Morogoro hana pa kuzisoma. Hilo hunisononesha, na naamini kwamba likifika kwako halitakuacha hivihivi.

Kwa unyenyekevu mkubwa, basi, naomba mambo matatu.

La kwanza ni majina. Kila halmashauri ina afisa utamaduni. Tunaomba uwaelekeze, pamoja na Baraza la Sanaa la Taifa, wakae na wanamuziki wazee waliobaki, wawapigie nyimbo moja baada ya nyingine, na waandike: hapa solo ni nani, besi ni nani, nani alipuliza tarumbeta. Wazee hawa hutambua mkono wa mwenzao kwa sekunde chache. Kila msiba hutuondolea mmoja wao, na hakuna mashine itakayoweza kutwambia baadaye walichokijua. Majina yakishapatikana, redio ya umma iyataje wimbo unapopigwa. Hilo halihitaji bajeti ya maendeleo.

La pili ni kanda. Tunaomba kazi ya kuzihamisha kwenda kwenye mfumo wa kidijitali iwe na mpango ulioandikwa, fungu linalojulikana na tarehe ya mwisho iliyotangazwa kwa wananchi, ili kila mwaka tuelezwe zimehamishwa ngapi na zimebaki ngapi. Nakala moja ikae Nyaraka za Taifa na nyingine Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, vijana wanaojifunza muziki wazisikie. Na familia ya marehemu ikiomba nakala ya wimbo wa mzee wao, ipewe pasipo kuzungushwa.

La tatu ni haki ya warithi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilipopitishwa ilimpa mtunzi haki zake za kiuchumi kwa uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hesabu hiyo, tungo za Salum Abdallah zilitoka kwenye ulinzi mwaka 2015. Za Mbaraka Mwinshehe zinafikia ukomo mwaka 2029. Mheshimiwa, hiyo ni kesho. Nyimbo zake zinapigwa kwenye mabasi, kumbini na mitandaoni. Tunaiomba Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, chini ya uongozi wako, isiwasubiri warithi wa wanamuziki hawa waje dirishani. Wengi hawajui kwamba wana haki, wala hawana karatasi ya kuithibitisha, kwa sababu mzee wao alikuwa mwajiriwa wa bendi iliyokwishavunjika. Iwatafute, iwasajili, iwaeleze. Warithi wa Marijani wana hadi 2045, wa Gurumo hadi 2064. Muda huo ukitumika vema, mjukuu atakula jasho la babu yake kihalali.

Ninajua kwamba kuna watakaosema nchi ina mahitaji makubwa kuliko nyimbo za marehemu. Nawaheshimu, na sibishani nao kuhusu dawa na madawati. Nasema tu kwamba zahanati iliyocheleweshwa inaweza kujengwa mwaka ujao, ilhali sauti iliyobanduka kwenye utepe wake hairekodiwi tena, kwa kuwa aliyeiimba hayupo.

Mheshimiwa Waziri, tarehe 27 Oktoba dunia huadhimisha Siku ya Urithi wa Sauti na Picha, chini ya UNESCO. Kwa heshima na taadhima, tunakualika siku hiyo uje Morogoro. Tutakutafutia ukumbi, na tutawaleta wazee waliobaki wa bendi zetu pamoja na familia za waliotangulia. Tunaomba uje na orodha ya kwanza ya majina, hata kama ni ya bendi moja tu, na uisome mwenyewe mbele yao, mpiga rizimu na mpiga tumba wakitajwa sawa na mwimbaji. Ukifanya hivyo, nasi tutakuwa tumepata idhini ya kuyaanua matanga haya.

Mwenyezi Mungu akujalie afya njema na wepesi katika majukumu yako.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mpenzi wa muziki wa dansi,
Morogoro.